Mji Ambao Kila Mtu Amewahi Kuwa Mgeni

Arua haina bahari. Haina ziwa wala mlima wa theluji, na mtalii aliyetoka Kampala kwenda kutazama tembo wa Murchison hugeuza gari kabla hajalifikia daraja la Pakwach. Anayelivuka daraja hilo anaingia West Nile, kona ya Uganda ambako wazee bado humuuliza anayepanda basi la Kampala, "Unakwenda Uganda?" Ni karibu kilomita 500 mpaka mji mkuu. Kwa mtu anayechagua mahali pa kuhamia kwa kutazama picha, Arua haimo hata kwenye orodha ya akiba.

Lakini watu huja, na wengi hubaki. Wapo Wakongo kutoka Aru, Ariwara na Bunia. Wapo Wasudani Kusini kutoka Yei, Kajo Keji na Juba. Wapo Wahindi wachache wenye maduka, mapadri na masista wa Kikomboni, na wale wa mashirika ya misaada ambao huwatambui kwa rangi bali kwa kadi iliyoning'inia shingoni na Land Cruiser nyeupe inayowasubiri nje ya benki. Swali la nini kinamfurahisha mgeni katika nchi aliyohamia huulizwa zaidi hao wa mwisho: wenye pasipoti nzuri, mshahara wa dola na tiketi ya kurudi. Na majibu yao yanafanana dunia nzima. Hali ya hewa, matunda, ukarimu wa watu.

Sitawabeza. Arua iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi yake ni ya sweta, na maembe yanapoiva yanakuwa mengi mpaka mbuzi wanayakinai. Ila ukiwauliza wageni wengine, wale waliofika bila mkataba, unasikia jibu jingine, na nadhani hilo ndilo la kuandikiwa sura nzima. Wanachokipenda ni kwamba hapa hakuna anayewashangaa. Mtu anaamka, anafungua kibanda, anagombana na jirani juu ya maji machafu yaliyomwagwa njiani, anapatana naye jioni, na siku imekwisha bila mtu kumuuliza ametoka wapi na atarudi lini.

Hali hiyo ina chanzo chake, na chanzo chenyewe si kizuri.

Aprili 1979 Idi Amin alipoangushwa, askari wake wengi walikimbilia kaskazini magharibi, kwao. Wanajeshi wa Tanzania waliwafuata na mwanzoni mwa Juni walifika mpaka wa Sudan. (Mimi ni Mtanzania, na kila nikijitambulisha Koboko, mji ulio kaskazini mwa Arua, hakosi mzee wa kunikumbusha jambo hilo, mara nyingi kwa kicheko, kwa sababu kilichofuata baada ya Watanzania kilikuwa kibaya zaidi.) Oktoba 1980 mabaki ya jeshi la Amin yalirudi kwa mashambulizi, na jeshi jipya la Uganda likalipiza kisasi kwa wananchi. Vijiji vikahamwa. Watu wa Koboko walivuka kwenda Sudan na Zaire, wa Arua wakavuka kwenda Zaire. Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa na askari wa serikali. Sehemu kubwa ya mkoa ilibaki pori na magofu.

Kwa hiyo mtu wa Arua aliyevuka miaka 45 leo, ukimchokoza kidogo tu, atakuambia alianza shule Zaire, au alizaliwa kambini karibu na Yei. Barbara Harrell-Bond, mwanazuoni aliyekaa na wakimbizi hao wa Uganda huko kusini mwa Sudan mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1986, na tangu hapo kimesomwa na karibu kila anayesomea mambo ya ukimbizi. Lakini mafunzo waliyorudi nayo wenyewe yalikuwa ya aina nyingine. Walirudi na Kilingala, Kifaransa cha sokoni, Kiarabu cha Juba, na orodha ndefu ya watu wanaowajua ng'ambo ya mpaka. Vijana waliorudi bila shamba wala kazi walijipanga kando ya barabara za Arua wakauza petroli ya magendo kutoka Zaire kwenye madumu na chupa. Mji ukawabatiza OPEC Boys, na kwa miaka mingi wao ndio waliokuwa kituo cha mafuta cha West Nile. Serikali iliwaita wahalifu, wenye pikipiki waliwaita wakombozi.

Mambo yalipogeuka, Wasudani Kusini walipoanza kumiminika baada ya vita vya Desemba 2013, na kwa wingi zaidi baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, walipokelewa na watu waliojua kulala kwenye turubai ni nini. Wapo waliopokelewa na jamaa za watu wale wale ambao wao wenyewe waliwahi kuwapa hifadhi. Nimesikia masimulizi hayo Koboko mara nyingi kiasi kwamba siyahesabu tena kuwa ya ajabu: fulani alimpa babu yangu ardhi ya kulima mihogo, sasa mjukuu wake anapanga chumba kwetu. Kodi analipa, tena kamili. Undugu na kodi ni vitu viwili.

Tazama kibanda cha fundi mmoja wa Kikongo, katika safu ya vibanda vya cherehani vilivyoshikana karibu na soko kuu la Arua. Sitamtaja jina. Kibanda chenyewe kinatosha cherehani mbili za kukanyaga, meza ya kukatia, pasi ya makaa na kigoda cha mteja. Ukutani kimebandikwa kile kibango chenye picha za wanawake waliovaa mishono ya kila namna, kimefifia mpaka nyuso zimekuwa za buluu. Mteja anaingia na kitenge, anaonyesha picha kwa kidole, fundi anatikisa kichwa. "Mama, huu hautakutosha. Kitenge chako ni yadi ngapi?" Yadi nne. "Basi tuondoe mikono." Mama hataki mikono iondolewe. Wanavutana kwa Kiswahili, wanahamia Kilugbara, lugha ya wenyeji wa Arua, bei inatajwa kwa Kilingala kwa sababu jirani wa kibanda cha pili, Mkongo mwenzake, ameombwa kuwa shahidi. Fundi anachukua utepe, anapima kifua, kiuno na nyonga, anaandika namba kwa chaki kwenye ubao wa meza, pale pale palipoandikwa namba za wateja wa wiki iliyopita. Nguo itakuwa tayari siku ya tano, ndiyo Ijumaa kwa mtu wa Bunia. Mama anaondoka akijua vizuri kwamba ni Jumatatu.

Nilimuuliza fundi huyo anapenda nini Arua. Alifikiri huku akikanyaga. Akasema hapa akifunga kibanda saa mbili usiku anatembea kwa miguu mpaka nyumbani akiwa na pesa za siku nzima mfukoni, wala hapishi njia kwa mtu mwenye bunduki. Akaendelea kushona. Baadaye akakumbuka la pili: wateja wanamsema kwa kuchelewesha, hawamsemi kwa kuwa Mkongo.

Hilo la kutembea usiku nimelisikia kwa wengi, na linafaa kupimwa kwa historia. Katika miaka ya 1990 mkoa huu ulikuwa na waasi wake, West Nile Bank Front wa Juma Oris, na barabara ya kuja kutoka Karuma ilikuwa ya kuomba dua kwa sababu ya mashambulizi ya waasi wa Kony. Mkataba wa amani na kundi la mwisho kubwa la hapa, UNRF II, ulitiwa saini Yumbe, humu humu West Nile, mwezi Desemba 2002. Aliyehamia Arua mwaka 1996 na aliyehamia 2016 wamehamia miji miwili tofauti.

Wapo wageni waliokaa katika yote hayo. Padri Tonino Pasolini, Mkomboni wa Italia, ndiye aliyeianzisha Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2004 na mwaka 2007 ikapata tuzo ya BBC ya redio mpya bora Afrika. Alifanya kazi hiyo bega kwa bega na Sherry Meyer, mlei kutoka Marekani. Ukipanda bodaboda Arua saa moja asubuhi, uwezekano ni mkubwa kwamba redio iliyofungwa kwenye usukani imefunguliwa hapo. Kabla yao, kilomita chache kusini mwa mji, madaktari wawili ndugu wa Kiingereza, Ted na Peter Williams, waliendesha hospitali ya misheni ya Kuluva. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Kampala aliyekuwa akifuatilia saratani ya watoto ambayo sasa ina jina lake, alipozunguka Afrika kwa gari mwaka 1961, alishirikiana na Ted Williams katika safari hiyo. Madaftari ya wagonjwa yaliyotunzwa kwa uangalifu Kuluva yaliwasaidia watafiti kuonyesha jinsi ugonjwa huo ulivyotokea kwa mafungu ndani ya West Nile.

Nawataja kwa sababu wanaonyesha raha ambayo mwenye mkataba wa miezi 12 haipati. Kutunza madaftari kwa miaka mingi ni kazi ya mtu anayewajua watu wake kwa kijiji na ukoo, anayeulizwa habari za ng'ombe wake na anayealikwa kwenye matanga. Huo ni umri, huwezi kuununua. Mwanaanthropolojia John Middleton aliishi na Walugbara mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaandika vitabu vyake juu ya dini na koo zao. Ukivisoma leo unaona kwamba sehemu kubwa ya aliyoyajua aliyapata kwa kukaa barazani, wazee wakibishana.

Wa mashirika hawana baraza. Wana nyumba yenye geti na mlinzi, na kila baada ya wiki kadhaa wanapewa likizo ya kwenda kupumzika, mara nyingi Kampala, kana kwamba Arua ni mgodi. Baada ya 2016 walikuwa wengi sana. Kambi ya Bidi Bidi, Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo na ndani ya miezi michache ikawa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Arua, mji wenye hoteli na uwanja wa ndege, ukawa bweni la misaada. Kodi za nyumba zikapaa. Mwaka 2025, Marekani ilipolifuta shirika lake la misaada, USAID, mashirika yalipunguza watu, na wenye nyumba waliojenga kwa mkopo wakitegemea mpangaji wa dola wakajikuta na deni bila mpangaji. Hata hivyo kuna waliobaki kwa hiari, na ukiwachunguza utakuta ni wale waliovuka geti mapema: aliyejiunga na kwaya, aliyeoa, aliyezoea kwenda Jumamosi uwanja wa Green Light kuishangilia Onduparaka, timu ya pembezoni mwa mji iliyopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016 na kuufanya mkoa mzima upoteze sauti. Uwanjani hakuna mtaalamu wa kigeni. Kuna anayejua kuzomea na asiyejua.

Chakula nitakipitia kwa haraka, maana kila mwandishi wa safari hukwama hapo. Ugali wa hapa, enyasa, hupikwa kwa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, ni mweusi na unavutika, na mgeni hupewa muda wa kuuzoea. Osubi, majani ya kunde yaliyopikwa kwa rojo la ufuta au karanga, haihitaji kuzoewa. Kumbikumbi hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Wasudani wameleta kisra, mkate wao mwembamba, na kahawa ya tangawizi inayomiminwa kwenye vikombe vidogo chini ya mwembe, na hiyo kahawa, kwa maoni yangu, ndiyo jambo jema kuliko yote lililoingia Arua katika karne hii, umeme ukijumlishwa. Umeme wa kuaminika nao ulichelewa: West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu, na kabla ya hapo mji uliishi kwa jenereta na bwawa dogo la Nyagak.

Twende Koboko, maana huko mambo yanakuwa wazi zaidi. Kutoka Arua ni kilomita hamsini na kitu za lami, sehemu ya barabara ya kilomita 92 kutoka Vurra, mpakani na Kongo, hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Koboko ni mji wa malori, msikiti na soko. Ukawa makao ya wilaya mwaka 2005. Wenyeji wake, Wakakwa, wako nchi tatu, na mahali nchi hizo zinapokutana, Salia Musala, si mbali na mji. Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha, gavana wa karne ya 19, wana mitaa yao, na siku ya arusi utawaona akina mama waliojifunga gurbaba za rangi kali wakicheza doluka, na sinia za chakula zimefunikwa kwa kawa walizosuka wenyewe, nyekundu, zambarau na kijani. Mgeni Mwislamu kutoka Juba akiingia hapo mwezi wa Ramadhani anafuturu siku ya kwanza bila kumjua mtu.

Wasudani Kusini wanaopanga Koboko na Arua mjini wana hesabu tofauti na waliobaki kwenye makazi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kwenda anakotaka ndani ya nchi. Anayekaa kwenye makazi hupewa kiwanja, Bidi Bidi kilikuwa mita 30 kwa 30, na mgao wa chakula ambao tangu 2023 unategemea kaya yako imepangwa kundi gani. Anayehamia mjini anauacha mgao nyuma. Wengi wa wanaohama ni wanawake wenye watoto, mume yuko Juba au Yei akituma chochote kinachopatikana kwa simu. Mama mmoja wa Yei anayepanga vyumba viwili Koboko alinipa hesabu yake bila kuulizwa sana: ada ya watoto wanne, kodi, mkaa, na kinachobaki ni kidogo. Mbona hakai kambini, chakula kipo? "Wanangu wamemaliza mihula mitatu mfululizo shule moja," alisema. "Kule kwetu hawajawahi kumaliza hata miwili." Kisha akalalamikia bei ya nyanya kwa dakika kumi, kama mwenyeji yeyote.

Nisije nikapaka asali kupita kiasi. Huu ndio mkoa aliotoka baba wa Idi Amin, Mkakwa wa Koboko, na Amin ndiye aliyewapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka mwezi Agosti 1972. Waliozaliwa Uganda, waliouza chumvi na mabati mpaka miji ya mbali kama hii, waligeuzwa wageni kwa tamko moja. Baadhi ya mali zilirudishwa katika miaka ya 1990, na maduka yenye majina ya Kihindi yakafunguliwa tena hapa na pale, lakini muulize mfanyabiashara wa Kihindi wa leo juu ya raha ya kuishi Uganda na utaona anavyochagua maneno. Anaipenda nchi, na pasipoti yake iko mahali anapoweza kuifikia.

Wakongo na Wasudani nao wanaijua hofu hiyo, kwa umbo la karatasi. Katiba ya Uganda ya 1995 inamhesabu kuwa raia kwa kuzaliwa mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake au babu yake ni wa jamii asilia zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa. Wakakwa wamo. Walugbara wamo. Wanubi wamo. Sasa mchukue Mkakwa wa Kongo anayeishi makazi ya Lobule, wilayani Koboko, yaliyopokea Wakongo tangu 2013. Lugha yake ni ya pale, ukoo wake una makaburi pande zote mbili za mpaka, shangazi yake ameolewa kijiji cha pili. Wazee wa ukoo wanasema yuko nyumbani. Kadi yake inasema mkimbizi. Akitaka uraia wa kuomba, sheria inadai jumla ya miaka 20 ya kukaa nchini, na ni mwaka 2015 tu ambapo Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba mkimbizi naye anaweza kuomba kwa njia hiyo. Tangu 2013 hata miaka 20 haijatimia.

Wakakwa wenyewe wamepata utaratibu wao wakati sheria ikijivuta. Kikitokea kifo ng'ambo, ukoo unachanga, mtu anaazima pikipiki, na kundi linavuka kwa njia ya panya likiwa na mchele na sukari ya matanga. Siku ya tatu wanarudi. Wanaokaa Lobule wanawahi wasije wakakosa siku ya kuhakikiwa majina, na wa Koboko mjini wanawahi soko.